Barbara Jordan hakuanzia Kongresi

Hapana mkuu, eti Barbara Jordan, yule mwanasiasa mweusi wa Marekani, aliibukia tu Kongresi (bunge la taifa la huko) kwa ile hotuba ya 1974 kuhusu Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon? Huyo mama alishasota sana kabla ya hapo. Mzaliwa wa Houston 1936, akasoma sheria Boston University akamaliza 1959, akarudi home na ofisi yake ya uwakili ikaanzia kwenye meza ya kulia chakula ya wazazi wake, fikiria mteja anakuja na kesi yake anakaa hapohapo mnapolia ugali jioni (sawa, wao hawali ugali lakini umenielewa). Akagombea bunge la jimbo la Texas 1962 akapigwa, 1964 akapigwa tena, maana kura zilikuwa zinapigwa kaunti nzima na kura za weusi zinamezwa humo. Mahakama zilipolazimisha mipaka ya maeneo ya uchaguzi ichorwe upya ndo 1966 akapita Seneti ya Texas (bunge la juu la jimbo), mweusi wa kwanza humo tangu 1883. 1972 akawa hadi kaimu gavana, siku moja tu lakini lol. Kongresi aliingia 1973, hotuba ikaja mwaka uliofuata.