Mgonjwa ni mimi, niulizeni mimi

Nina miaka 72 na nakaa Majengo, Pumwani, hapo hapo nilipozaliwa. Titi la kushoto lilikatwa zamani, nikapona, nikacheza chakacha kwenye harusi za wanangu, na habari ya saratani ikasahaulika nyumbani. Kisha nyonga ikaanza kuniuma usiku, maumivu ya ndani kwa ndani yasiyosikia mafuta ya kuchua wala kupumzika. Nikapigwa eksirei, nikafanyiwa skani, nikatolewa kinyama kikapimwe. Jibu likarudi kwamba ni saratani ile ile ya titi, sasa imehamia nyonga na uti wa mgongo.

Saratani ya titi inayolishwa na homoni, kama hii yangu, ina tabia hiyo. Yaweza kujificha miaka kumi na zaidi, ikaja kuibuka kwenye mifupa, ini au mapafu, na popote ilipoibukia inaendelea kutibiwa kama saratani ya titi. Kwa hiyo mama uliyewahi kuugua, maumivu mapya ya mfupa yakipita wiki mbili tatu, mwambie daktari kwamba uliwahi kukatwa titi. Usingoje aulize. Sisi wazee tunaumwa mgongo kila kukicha, na daktari wa zahanati asiyejua ulikotoka atakuandikia vidonge vya baridi yabisi urudi nyumbani.

Ya kwangu haiponi. Daktari aliniambia hivyo waziwazi, nikamshukuru. Inatulizwa, inazuiwa isiende mbali, kama presha na sukari ambazo nimeishi nazo miaka na miaka bila mtu kuniuliza nitapona lini.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Siku niliyoketi mbele ya daktari wa saratani niliingia na mwanangu wa kiume na mkewe. Daktari, kijana mwenye adabu zake, akamgeukia mwanangu. "Shosho anakula vizuri? Maumivu anayo?" Mwanangu akajibu haraka, "Anakula, daktari, hana neno." Nikauchukua mkoba wangu nikauweka juu ya meza, katikati ya karatasi zao. "Daktari, mgonjwa ni mimi. Nyonga ni yangu. Niulize mimi." Akacheka kidogo kwa haya, akakigeuza kiti chake kikanielekea, na tangu hapo tunaelewana.

Hapa Nairobi mzee akipata saratani, ugonjwa unahamia kwa watoto. Kinafunguliwa kikundi cha WhatsApp cha matibabu ya mama ambacho mama mwenyewe hayumo. Mmoja yuko Kitengela, mwingine yuko Doha, wote wanapiga kura juu ya mwili wa mtu aliyeketi sebuleni akichambua mchele. Wengine humvizia daktari mlangoni: tafadhali usimwambie, atavunjika moyo. Wanafanya kwa mapenzi, najua. Lakini mama aliyezika mume na wazazi, akalea watoto kwa biashara ya mitumba Gikomba, havunjwi moyo na neno. Anavunjwa na kuona watu wananyamaza kila anapoingia chumbani.

Basi faili likae kwako. Mimi nina mfuko mmoja wa plastiki wenye zipu: barua za daktari, majibu ya damu, skani, orodha ya dawa zote pamoja na za presha na sukari. Mjukuu aliniandikia orodha ile kwa herufi kubwa. Ukienda hospitali nyingine usiku, karatasi hiyo moja itakusaidia kuliko jamaa watatu wanaolia.

Na ukiwa mbele ya daktari, muulize: dawa hii ni ya kunipa muda, ya kunipunguzia maumivu, au yote mawili? Tutajuaje kama inafanya kazi? Ikinishinda, kuna nini kingine? Kisha mwambie unachokitaka wewe, kwa kuwa hawezi kukibahatisha. Mimi nilisema nataka niweze kupika pilau ya Idi kwa mkono wangu na akili yangu ibaki timamu. Nywele zikinyonyoka sina hasara, najitanda mtandio. Akanieleza kwamba kwa saratani ya homoni ambayo haijatishia viungo vya ndani, dawa za kuzuia homoni ndizo hutangulia, na kemo, zile dawa kali za kuua chembe za saratani, inawekwa akiba. Ningenyamaza, ningekaa nyumbani nikiogopa kemo ambayo hakuna aliyeniandikia.

Namezeshwa letrozoli, kidonge kimoja cha kuzuia homoni kila siku. Kidogo hivyo, lakini kina vitimbi. Asubuhi vidole vinakakamaa hata fundo la leso halifunguki. Nalala jasho linanitoka kama niliyekoma hedhi jana. Nilichokiona kinasaidia ni maji ya uvuguvugu na kutembea. Ndiyo, kutembea, hata kama viungo vinakataa. Natoka baada ya alfajiri, polepole hadi karibu na msikiti na kurudi, na kufikia saa tatu vidole vinaweza kukanda unga. Kuna wenzangu wanaoongezewa vidonge vya kumeza siku 21 na kupumzika siku 7. Vile vinashusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana hupimwa damu kabla ya kuendelea na mzunguko mwingine, na kwa baadhi yake balungi hairuhusiwi. Daktari akikupunguzia dozi usione kwamba amekata tamaa na uzee wako. Mwili wa miaka 70 una figo za miaka 70, na dozi unayoweza kuimeza hadi mwisho ina faida kuliko ile kubwa utakayoiacha kabatini.

Kwa ajili ya mifupa nawekewa dripu ya asidi ya zoledroni. Hapa nisikilize vizuri: nenda kwa daktari wa meno kabla ya dripu ya kwanza. Jino bovu ling'olewe kwanza, fizi zipone. Dawa hii ikishaingia, kung'oa jino kunaweza kuacha kidonda cha taya kisichofunga. Baada ya hapo kila anayekugusa mdomo aambiwe. Figo nazo hupimwa kila mara, na utapewa kalisiamu na vitamini D. Dripu ya kwanza yaweza kukupa homa na maumivu ya mwili kwa siku moja mbili, kisha ikakuachia.

Kuhusu maumivu nina maneno mengi.

Mama wa Kiswahili amefundishwa kustahimili. Ukiulizwa hali, "Alhamdulillahi, sijambo," na huku umeuma meno. Huo ni uungwana kwa mgeni aliyepita kukujulia hali, kwa daktari ni kumpoteza njia. Yeye anataka nambari: sifuri hadi kumi, usiku ni ngapi, ukipanda ngazi ni ngapi. Nilipotaja nane kwa mara ya kwanza, mwanangu alinitazama kama hanijui. Wiki hiyo hiyo nikapangiwa kuchomwa nyonga kwa mionzi. Kwa maumivu ya mfupa, mara nyingi kuchomwa mara moja tu kunatosha. Unalala chini ya mashine dakika chache, husikii kitu, na nafuu inakuja kidogo kidogo kwa siku na wiki zinazofuata.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiuziwa diklofenaki kwenye kemisti ya mtaani, kama nusu ya wazee wa Majengo. Zile dawa zinapandisha presha na kuchosha figo, na figo ndizo tunazozilinda kwa ajili ya dripu. Muulize daktari wako kabla ya kununua chochote cha maumivu. Na mofini isikutishe. Ni dawa ya maji, chungu, unapimiwa kwa sindano isiyo na ncha. Haifupishi maisha ikitumiwa inavyopasa, wala haikugeuzi mteja wa vichochoroni. Itakufunga choo, hilo ni hakika, basi mwambie daktari akuandikie dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Papai peke yake halitoshi, msinidanganye.

Ukitajiwa hospisi usianze kuaga watu. Nairobi Hospice ipo tangu mwaka 1990, ndani ya uwanja wa hospitali ya Kenyatta, na kazi yake kubwa ni kutuliza maumivu, kuzungumza na mgonjwa na jamaa zake, na kuwatembelea majumbani. Wengi wanaoingia pale asubuhi jioni wanarudi kwao na matatu. Mtu akienda mapema anafaidi zaidi kuliko yule anayebebwa dakika za mwisho.

Nyumbani, adui ni kuanguka. Mfupa uliotobolewa na saratani unavunjika kwa kitu kidogo. Busati la ukumbini niliondoa, lilikuwa linajikunja pembeni. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kulinishinda, nikamwita fundi akachukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa kisu cha moto, akakisawazisha kingo zisinichane. Kiti hicho kimenifaa kuliko vitu vingi vilivyonunuliwa kwa pesa nyingi. Tochi iko chini ya mto kwa sababu stima hazitabiriki. Bakora natembea nayo, anayecheka na acheke. Swala naswali nimekaa kitini, sijainama sijda ya chini tangu uti wa mgongo ulipoanza kuuma.

Ramadhani ya kwanza nilitaka kufunga. Nilimuuliza daktari, kisha nikamuuliza maalim, na wote wawili wakanikataza. Kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona natoa fidia, namlisha maskini kwa kila siku. Nilihuzunika, nisiseme uongo. Lakini kuacha dawa na maji mwezi mzima, na sukari juu, ni kujitafutia balaa.

Habasoda na mwarobaini, mwambieni daktari mkizitumia. Sikatazi, simo kwenye vita hivyo, ila baadhi ya mitishamba hugombana na vidonge, na daktari akijua hakufukuzi. Anayekuambia uache dawa za hospitali ndipo dawa yake ifanye kazi, mfungulie mlango atoke.

Pesa. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, matibabu ya saratani yalipangiwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo uliza dirishani kila mwaka unapoanza, na uulize umebakiwa na ngapi kabla ya skani, kwa kuwa skani moja inaweza kuumega mfuko vibaya. Malipo ya mwaka yakilegea unarudishwa mlangoni, hata uwe umeshavuliwa viatu. Halafu kuna vidole, maana bima hukutambua kwa alama zake. Sisi tuliofua kwa mikono maisha yote, alama zimefutika, mashine inakataa, na kuna vidonge vya kemo viitwavyo kapesitabini vinavyoweza kuzifuta kabisa. Nenda siku kadhaa kabla ulitatue hilo, usilingoje asubuhi ya dripu. Ukitaka mtu wa kuzungumza naye bila malipo, pale Parklands kuna Faraja Cancer Support Trust. Mimi nilikwenda kwa kusukumwa na binti yangu, nikabaki kwa hiari.

Haya hayangoji kliniki, ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku: miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo au choo kutoka bila kujijua au kuziba ghafla, homa ya nyuzi 38 kwa aliye kwenye kemo au vile vidonge vinavyoshusha chembe nyeupe za damu, pumzi kukata, kiu isiyoisha pamoja na kuchanganyikiwa. La miguu hasa. Uti wa mgongo ukibanwa, saa chache ndizo zinazoamua kama utatembea tena. Nimewaambia wajukuu, na wa mwisho, ambaye hata shule hajamaliza, ndiye aliyelishika vizuri kuliko baba yake.

Na wasia nimeandika. Niliwaita wote siku moja ya Jumapili, nikawaambia kipi cha nani, ni matibabu gani sitaki nikifika mwisho, na kwamba nizikwe Kariokor karibu na mama yangu. Binti yangu alitoka nje kulia, akarudi, tukala. Baada ya siku ile kile kikundi cha WhatsApp kimepunguza kelele, nami nimetiwa humo. Natuma sauti, kuandika kunanichosha vidole.

La wageni. Majengo mgonjwa hakosi wageni, na ni baraka, lakini mgeni wa saa tatu asubuhi siku baada ya dripu ni mtihani. Nimeweka saa: baada ya alasiri hadi magharibi. Anayetaka kusimulia shangazi yake alivyokufa kwa saratani, mke wa mwanangu ana ruhusa ya kumpeleka jikoni akamsaidie kukata vitunguu. Na mkija, jamani, msiniletee juisi za paketi, nina sukari. Nauli ya kliniki, gesi, kilo ya unga, au kijana mwenye nguvu wa kunishika mkono kwenye ngazi za matatu, hivyo navipokea siku yoyote.