Dada USIMVALISHE mumeo maski akiwa amelala, nakuomba

Dada hapana. Hapana kabisa. Nimesoma swali lako niko dukani, wateja wamesimama mbele yangu, nimewaambia wangoje kidogo kwa sababu hapo uliposema kijana aliyewauzia mashine ya CPAP, ile ya kumsukumia hewa mtu anayekatika pumzi usingizini, amekushauri umngoje mzee alale ndo umvalishe maski polepole, eti atazoea bila kujua, mimi moyo uliruka. Maneno hayohayo ndo niliambiwa mimi. Nikayafuata. Baba watoto akahama chumba miezi minne, mashine ikakaa juu ya kabati inakusanya vumbi, na mwishoni kidogo tu nimzike.

Mume wangu ni dereva wa trela, anatoka mpaka wa Malaba hadi Kampala na saa zingine anapitiliza hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Anakoroma tangu nimjue, sisi tulisema ni uchovu wa barabara. Kilichonitisha siyo kukoroma, ni kile kimya. Anakoroma, anakoroma, ghafla kimya, unahesabu kumi, unahesabu ishirini, halafu anashtuka anavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Asubuhi kichwa kinamuuma, usiku anaamka kukojoa mara nne, presha ya damu haishuki hata na dawa. Akapimwa usingizi, wakamfunga mkanda kifuani na kidude cha kidoleni na kamrija puani, majibu yakatoka anakatika pumzi mara 41 kwa saa. Daktari akasema kuanzia 30 kwenda juu ni apnia kali, yaani huko kukatika pumzi usingizini kumezidi. Tukauza ng'ombe wawili tukanunua mashine.

Sasa yule muuzaji. Alikuwa amevaa koti jeupe, mimi nikajua huyu ni mtu wa hospitali, kumbe ni wa kuuza tu kama mimi ninavyouza sukari. Hakumpima mzee uso, akatoa maski ile kubwa ya kufunika pua na mdomo, akasema mwanaume mwenye mwili hivi anavaa hii. Nguvu ya upepo wa mashine akaiweka kwenye 14 moja kwa moja, na ile setingi ya kuanza taratibu akaizima, eti inachelewesha matibabu. Ni baadaye ndo nimekuja kuelewa kwamba mashine hizi zinaenda kutoka 4 mpaka 20, na mtu mgeni anaanzishwa chini, upepo mdogo, halafu unapanda wenyewe akishasinzia. Sisi tulianzishiwa kimbunga. Mzee alijaribu usiku wa kwanza dakika mbili tu, akavua, akasema mimi hii siwezi. Nikampigia yule kijana simu nikitaka msaada, ndo akanipa ushauri wake: mama, wanaume ndo walivyo, mngoje alale umvalishe, na ukaze mikanda sana upepo usitoke. Nikamshukuru! Nikamtumia na hela ya soda!

Basi ilikuwa Jumanne, mzee amerudi kutoka Elegu amechoka siku mbili za usukani, saa tatu usiku tayari anakoroma. Nikangoja. Nikainua kichwa chake taratibu kama cha mtoto, nikapitisha mikanda, nikavuta mpaka ikabana, nikabonyeza. Akapumua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kukoroma kukakata, nikashukuru Mungu kwa sauti. Halafu akaamka.

Dada sijui nikuelezeje. Mtu anaamka gizani, uso umefunikwa, hewa inamsukuma ndani kwa nguvu anashindwa hata kutoa pumzi, anapeleka mikono usoni anakuta mikanda, na hajui inafunguliwa wapi kwa sababu siyo yeye aliyeifunga. Mimi nimeinama juu yake nataka kumsaidia, yeye anaona kivuli cha mtu kimemkaba. Alinisukuma nikagonga ukuta, taa ikaanguka, watoto wakaamka wanalia. Alipoivua alikaa sakafuni jasho linatiririka, akaniuliza, taratibu kabisa, "Ulitaka kuniua?"

Ndo usiku huo, baada ya miaka kumi na tatu ya ndoa, akaniambia kitu ambacho sikuwahi kumuuliza. Kaka yake mkubwa alifariki 2021, wakati ule wa wimbi la pili la korona na lokdauni ya Juni, na mara ya mwisho kumuona alikuwa kitandani na maski ya oksijeni usoni. Na kabla ya hapo, 2020, yeye mwenyewe alikaa foleni Malaba siku na siku pamoja na madereva wengine, wanaingizwa vijiti puani, watu wanawakimbia barabarani kama wao ndo ugonjwa. Kwake yeye kitu cha plastiki usoni ni mlango wa kaburi. Mimi nilidhani ni ubishi wa kiume. Na nikamvalisha kitu hicho akiwa hajitambui.

Na sikukomea hapo banange, nikamwita mjomba wake aje amseme. Hiyo ndo ilimaliza kabisa. Akahamia chumba cha watoto, kwenye maongezi yetu neno mashine likawa halitajwi.

Mwezi wa nne tangu ahame chumba, alfajiri, yuko Kakira, pale barabara inapita katikati ya mashamba ya miwa, akasinzia. Siyo kulala, alisema ni kama mtu amezima taa na kuwasha. Trela lilishaacha lami, tanboi ndo alipiga kelele akashika usukani, wakaenda kusimama ndani ya miwa. Hakuna aliyeumia. Alinipigia simu akawa haongei, nasikia tu anapumua, na mimi nasikiliza hizo pumzi.

Aliyetuokoa ni sista mmoja wa klinika tuliyopimwa, mtu mzima, hana haraka. Alituketisha, mimi nikaanza kueleza, akaninyamazisha kwa mkono akamwangalia mzee: wewe unaogopa nini? Mzee akaeleza yote, ya kaka yake, ya Malaba, ya usiku ule. Sista akamwambia kwanza hii siyo oksijeni ya mtungi, ni hewa hiihii ya chumbani, inasukumwa kidogo tu ili koo lisijifunge. Halafu akanigeukia mimi: mama, kuanzia leo usimguse na hiyo maski. Aivae mwenyewe, kwa mikono yake, akiwa macho. Na aivue mwenyewe anapotaka.

Hiyo ndo sheria dada, mengine yote weka pembeni. AIVAE MWENYEWE AKIWA MACHO. Na usifikiri ni ya kubembelezana tu, ni ya usalama. Wewe uko Jinja, umeuliza umeme ukikatika itakuwaje, ndo hapohapo. Umeme unakatika saa nane za usiku, mashine inazimika, maski iko usoni. Maski kubwa zina kivalvu cha kuingiza hewa mashine ikizima, lakini hicho ni cha kumfikisha kwenye kuivua, siyo cha kulalia mpaka asubuhi. Au tumbo limemchafuka anataka kutapika na mdomo umefunikwa. Mtu asiyejua klipu iko wapi, atafanyaje gizani? Mzee wangu alifanyishwa mazoezi ya kuivua kwa mkono mmoja macho yamefumbwa, mara kumi, mpaka sista akaridhika. Hofu yake nusu iliishia hapo.

Daktari akairudisha mashine ianze 5 na kupanda taratibu. Maski mzee alichagua mwenyewe, akazijaribu tatu akiwa amelala chali pale klinika na upepo umewashwa, akachukua ile ndogo ya puani, kwa sababu anaona sehemu kubwa ya uso wake iko wazi. Mikanda inalegezwa mpaka ile sehemu laini ya ndani ya maski ijae hewa yenyewe, ukikaza sana ndo inavuja zaidi na inachubua pua, yaani hata hilo la kukaza tulidanganywa.

Nyumbani alianza sebuleni saa za habari. Siku tatu za kwanza anaishika tu kwa mkono puani bila mikanda, mashine imewashwa, akichoka anaiweka chini. Mimi kimya, nasonga posho yangu jikoni. Halafu akafunga mikanda akiangalia mpira. Halafu usingizi wa mchana, nusu saa. Usiku wa kwanza alikaa nayo saa moja na nusu akaivua, nilisikia, nikauma ulimi nisiseme. Usiniulize ilivyokuwa ngumu kunyamaza! Wiki ya tatu akafika masaa manne, sasa ni sita, saba. Kukojoa usiku mara moja au hakuna, kichwa hakimuumi, presha ya damu imeshuka ingawa dawa anaendelea nazo, hilo ni la daktari wake. Waragi ya jioni aliacha mwenyewe alipoona akinywa kidogo tu namba za kukatika pumzi kwenye mashine asubuhi ni mbaya, maana pombe inalegeza koo.

Safari za Elegu anaibeba, anaiunganisha na betri ya trela kwa adapta yake. Mwezi uliopita alisahau mpira wa mashine, ule wa kupitisha hewa, nyumbani, akageuza kutoka Bugiri kuja kuuchukua. Mimi nilikuwa hata sijaona kwamba ameuacha.

Umeuliza pia habari ya maji na filta, lakini hivyo si vya leo, mashine ambayo haivaliwi haitaki filta. Yule kijana akikupigia tena usipokee. Mpigie daktari aliyempima mzee, muulize imewekwa kwenye namba ngapi na setingi ya kuanza taratibu imewashwa au la. Halafu leo jioni, mashine ikiwa imezimwa na watoto wako nje, kaa naye umuulize anaogopa nini, na akianza kusema usimkatize hata kama unadhani unajua jibu. Mimi naingia hapa kila nikifunga duka, niandikie alichokwambia.