Usikate Wimbo Wako, Mdogo Wangu

Juzi kijana mmoja wa Ujiji kaniandikia: “Shikamoo kaka. Prodyuza anataka wimbo wangu wa dakika 14 uwe wa dakika 4, la sivyo harekodi. Nikubali?” Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Yalinikuta mimi hayo.

Nilikuwa na kipande cha dakika 17: kinanda, gitaa na sauti za kwaya yetu. Nikakipeleka studio moja. Prodyuza alisikiliza dakika mbili tu, akasema huu ni muziki wa kulalia. Nikalipa, akakata, kikabaki kiitikio. Niliporudi kuomba rekodi kamili, ameshaifuta. Mpaka leo inaniuma.

Walioniinua ni Wamarekani ambao hapa Kigoma sijakutana na mtu anayewajua: Yezda Urfa, kundi la roki la Indiana. Mwaka 1975 walitoa albamu yao wenyewe, Boris, bila kampuni nyuma yao. Vinanda, filimbi, mandolini, nyimbo ndefu zinazobadili mdundo kila ukidhani umeuzoea. Mwaka 1976 wakarekodi nyingine, Sacred Baboon. Ikatoka 1989! Kazi imekaa miaka 13, lakini ilikuwepo. Ya kwangu ilifutwa.

Nikatundika vitenge vya mke wangu na godoro chumbani, hapa Katubuka, kupunguza mwangwi, nikaanza kurekodi upya. Miezi saba, siisimulii yote. Usiku wa mwisho, sehemu ya tatu, kinanda kimebaki peke yake kwa sauti ya chini, mara treni ikapiga honi ikiingia stesheni. Nikaiacha humohumo. Ndiyo sehemu watu wanayoniulizia. Nilichoma CD 50, majalada nikayaandika kwa mkono, nikauza 38. Mwalimu wetu wa kwaya, aliyekuwa hanielewi kabisa, alinunua mbili.

Basi vijana, msikate nyimbo zenu. Rekodi mwenyewe. Toa nakala chache, lakini toa. Rekodi ghafi iwe mikononi mwako, kwenye flashi mbili, na moja isilale nyumbani kwako. Anayesema wasikilizaji hawana subira hajawahi kukesha na kwaya zetu. Watu wanasimama mpaka alfajiri, watoto mgongoni! Wimbo umepewa wewe, urefu wake unaujua wewe. Usikate, narudia.

Na wewe wa Ujiji, hela yako usiitoe bado. Godoro na vitenge vipo. Jumamosi jioni njoo na dakika zako 14 zote.