Wakala wangu aulize tu bei ya kuvusha sarafu, au nimpe na ufunguo?

SWALI: Salamu kwako. Nimemuunganisha wakala wangu wa akili mnemba na zana inayomletea kotesheni (makadirio ya bei) za kuvusha sarafu za kidijitali kutoka mnyororo mmoja (blockchain) kwenda mwingine. Ananijibu kwa lugha ya kawaida: pitia daraja hili (huduma ya kuvushia), utapata kiasi hiki, muda dakika mbili. Juzi aliniambia ETH yangu iliyoko mnyororo wa Ethereum nikiivusha kwenda mnyororo wa Arbitrum ikawa USDC (sarafu inayofuata thamani ya dola), nitapata 500. Nikaenda kula, niliporudi nikathibitisha, zikaingia 496. Nani kala hizo nne? Na mwenzangu ananishauri nimpe wakala ufunguo wa siri wa pochi, ule unaotia saini miamala, amalize kazi mwenyewe. Nimpe? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na ufunguo, maana hapo ndipo nina hofu juu yako. Usimpe.

Zana ya kotesheni haina kazi na ufunguo wa siri. Inataka kujua sarafu inatoka mnyororo gani na inakwenda upi, anwani ya mkataba wa sarafu (programu inayoiendesha kwenye mnyororo) kila upande, kiasi, na mara nyingi anwani ya pochi yako, ambayo hata hivyo iko wazi kwa kila mtu. Ikikudai ufunguo, iondoe siku hiyo hiyo. Kama umeiunganisha kwa Model Context Protocol, utaratibu wa kuunganisha mawakala na zana ambao kampuni ya Anthropic waliutoa Novemba 2024, unaweza kumwachia wakala zana ya kuuliza bei na kumnyima ile ya kutuma. Fanya hivyo. Saini uitie wewe kwenye pochi yako, ukiwa umesoma unachokitilia saini.

Ikilazimu wakala amalize mwenyewe, mfungulie pochi ya pembeni yenye fedha kidogo, na kikomo cha matumizi kiwekwe ndani ya programu. Kumwandikia tu “usizidishe kiasi fulani” hakutoshi, kwa sababu wakala anaweza kupotoshwa na kile anachokisoma. Mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu, akaiita USDC, akapachika kwenye maelezo yake sentensi ya kumwamuru wakala wako. Ndiyo maana nimetaja anwani ya mkataba. Jina peke yake lisikubaliwe kamwe.

Sasa hizo nne. Inawezekana kabisa hakuna aliyezila. Kutoka ETH hadi USDC ya mnyororo mwingine kuna kubadilisha na kuna kuvusha, na bei ya ETH haikukusubiri umalize chakula. Kotesheni kamili huwa na kiasi kinachotarajiwa na kiasi cha chini kabisa utakachokubali kupokea. Wakala wako alikutajia cha kwanza, cha pili akakiacha. Tazama ruhusa uliyoweka ya bei kuteleza (slippage), yaani upungufu unaoukubali: ikiwa ni asilimia 1, kiwango chako cha chini kilikuwa 495, kwa hiyo 496 ni halali mbele ya mkataba. Ukiibana hadi asilimia 0.5, kiwango kinapanda hadi 497.5. Lakini bei ikiteleza zaidi ya hapo muamala unakataliwa, na ada ya gesi, yaani malipo ya kuendesha muamala kwenye Ethereum, imeshakwenda, hairudi.

Mwelekeze basi akutajie kwanza kiasi cha chini, na aombe kotesheni mpya muda mfupi kabla ya saini. Zana nayo irudishe saa ambayo kotesheni inakwisha nguvu. Pia apambanue ada: kuna kotesheni ambazo zimekwisha kukata ada ya daraja kwenye kiasi cha mwisho, huku gesi ukilipa kando kwa ETH. Ukilinganisha mbili bila kujua hilo, unaweza kuchagua iliyo ghali ukidhani umeokoa.

Jambo moja hukuuliza, nami siwezi kulipita: desimali. USDC ya Ethereum ina desimali 6, ile inayotumika kwenye mnyororo wa BNB Chain ina 18. Ndani ya mikataba kiasi huandikwa kwa vizio vidogo kabisa, kwa hiyo 1000000000 ni USDC 1,000 Ethereum, na BNB Chain ni punje isiyonunua chochote. Mifumo ya lugha inayoendesha mawakala hukosea kuhesabu sifuri nyingi namna hiyo. Hesabu ifanywe na zana, wakala apokee jibu lililokwisha kugawanywa.

Na bei nafuu isimtoshe wakala kuchagua daraja. Kotesheni haisemi nani analinda fedha zilizofungiwa humo. Machi 2022 daraja la Ronin liliporwa ETH 173,600 na USDC milioni 25.5 baada ya wavamizi kupata funguo 5 kati ya 9 za wathibitishaji wanaoidhinisha miamala yake. Mwezi mmoja kabla, daraja jingine, Wormhole, lilitengenezewa ETH bandia 120,000 kupitia kasoro ya kuhakiki saini. Mimi ningemwandikia wakala orodha fupi ya madaraja niliyoyachunguza mwenyewe, asiulize bei nje ya hapo.

Kuhusu hizo “dakika mbili”, ni makadirio tu. Ethereum huchukua takriban dakika 13 mpaka bloku (fungu la miamala) ithibitike kabisa, isiweze kubatilishwa. Madaraja yanayomaliza mapema zaidi mara nyingi humtumia mtu kati anayekutangulizia fedha zake upande wa pili, kisha yeye ndiye anayesubiri. Asipopatikana, unasubiri wewe. Hapo ndipo wakala asiye na malezi huharibu: anaona kimya, anaamua muamala umeshindwa, anaomba kotesheni nyingine na kutuma tena. Mwagize ahifadhi namba ya muamala wa mwanzo, aulize hali yake kwa zana hiyo hiyo, na asiguse kotesheni mpya mpaka apate jibu kwamba fedha zimefika au zimerudishwa.