Baba hawezi kumeza, nani aamue?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana maradhi ya neva yanayolegeza misuli. Yalianzia mkononi, sasa hata uji wampalia. Hospitali wataka kumtia mpira wa kulishia tumboni. Ami zangu wa Langoni wasema tumwachie Mungu. Baba mwenyewe hatujamwambia.
Binti, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Yaani kikao chote hicho na mwenye tumbo hajaulizwa! Maradhi haya hula misuli; akili, kwa wengi, hubaki timamu. Kama sauti imekwenda, afumbe macho mara moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Muulizeni asubuhi, kabla hajachoka.

Mwambieni kweli: mpira hauponyi. Hupitisha chakula na dawa, ila mate bado yaweza kuingia mapafuni. Pumzi ikishadhoofika, kuuweka huwa hatari zaidi, basi msikawie. Muulizeni pia kuhusu mashine ya kupumulia. Usiku amekabwa, nanyi mwangoja boti ya kuvukia bara, Mokowe, si wakati wa kushauriana.

Akikataa, hajaachwa. Mlisheni vitu vizito vilaini, ameketi wima, na ziko dawa za kutuliza dhiki ya pumzi. Ami mmoja awepo asikie jibu kwa masikio yake, nawe uliandike.