Transmita inajishusha asubuhi, mchana inapanda yenyewe: nizungushe trimpoti?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga mjini, naangalia transmita ya FM ya kilowati 1, mnara wetu uko jirani na bahari upande wa Raskazone. Tangu kusi lianze kuvuma asubuhi naikuta iko wati 620 tu, riflekti (nguvu inayorudi kutoka antena) inasoma wati 40, ikifika saa saba saa nane jua kali inarudi 1000 bila mtu kuigusa. Mwenzangu anasema transista imechoka, mwingine anasema kwenye kadi ya kontroli kuna trimpoti ya riflekti (kile kirekebishi kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi) niizungushe tu itapanda. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Weka bisibisi chini kwanza. Transista iliyochoka haiponi saa nane mchana. Na ingekuwa joto ungeona kinyume chake, asubuhi na ubaridi ingetoa zote 1000 halafu mchana hitisinki (chuma cha kupozea transista) ikipata moto ndo ijishushe. Yako inapona jua likiwaka, kwa hiyo kuna kitu kinalowa usiku na umande wa chumvi halafu kinakauka, na hicho hakiko ndani ya amplifaya, labda chumba chenu kiwe kinavuja.

Sasa sikia mashine inajuaje. Pale nguvu inapotokea, baada ya filta, kuna kapla, inadokoa sampuli ndogo sana ya nguvu inayokwenda antena na nyingine ya inayorudi. Kapla ya dB 50 kwa mfano, yaani inayodokoa sehemu moja kwa laki moja, kwenye wati 1000 inachukua miliwati 10 tu. Dayodi inageuza ile sampuli kuwa volti ya DC, inaenda kwenye opampu (chipu ya kulinganisha volti) kulinganishwa na volti uliyoiseti kwa trimpoti, ikizidi opampu inashusha bayasi, ile volti ndogo ya kuifungulia transista kwenye mguu wake wa geti (mashine nyingine zinashusha volti ya dreni, mguu unaotoa nguvu) mpaka mambo yakae sawa, ikipungua inaongeza, ndo maana nguvu haiyumbi ovyo hata saplai ikiyumba kidogo. Ya fowadi (inayokwenda antena) na ya riflekti zote zinaingia hapohapo, inayovuka kiwango chake kwanza ndo inatawala. Sensa ya joto na ya ampea nazo zimeungwa humo, ila kwako wewe sizihofii.

Chukua namba zako mwenyewe. 40 kwenye 620 ni kama asilimia 6 na nusu, SWR (kipimo cha antena na kebo zinavyopokea nguvu, 1 ndo safi kabisa) karibu 1.7. Ingeachiwa itoe 1000, riflekti ingefika 64 au 65. Kesho asubuhi kaa mbele ya mita utulie uangalie, nadhani utakuta riflekti imeganda pale 40 haiondoki, fowadi peke yake ndo inapanda polepole kadiri jua linavyokausha. Ukiona hivyo ujue transmita inafanya kazi yake vizuri kabisa, imewekewa mwisho 40 na inaushika.

Huyo anayekwambia uzungushe trimpoti anataka wati 65 zirudi kwenye transista. Wimbi linalorudi linakutana na linalokwenda, kutegemea urefu wa kebo yako volti kwenye dreni inaweza kupanda sana au ampea zikazidi na joto likawa kali, ndo maana mtu mmoja anakwambia mimi SWR 2 na mashine inadunda, mwenzie kwa SWR hiyohiyo keshaunguza. Watu wanapenda kunitajia transista ya BLF188XR kwamba inavumilia SWR ya 65 kwa 1. Kweli, datashiti imeandika, lakini kipimo kile ni cha palsi fupi, siyo transmita inayowaka usiku na mchana. Tena kuna ulinzi wa pili, ule wa kutripu, unakata mara moja ghafla kebo ikikatika au radi ikipiga, na mashine nyingine zinachukua sampuli kutoka palepale kwa riflekti, kwa hiyo ukichezea trimpoti usiyoijua unaweza kulegeza vyote viwili kwa mkupuo.

Cha kufanya: zima, chomoa kebo ya antena, funga dami (mzigo wa kupimia unaokaa badala ya antena) ya ohm 50 inayobeba kilowati 1, washa asubuhi hiyohiyo wakati tatizo lipo. Ikitoa 1000 na riflekti karibu sifuri, basi shida iko kuanzia kebo kwenda juu. Hapo zima mashine kwenye breka, funga kufuli, funguo aondoke nayo mfukoni huyo anayepanda mnara. Afungue konekta ya juu. Akikuta rangi ya kijani kwenye pini, au waya wa kusuka umekuwa mweusi, kusafisha hakutoshi, akate kebo mpaka afike kwenye shaba inayong'aa avae konekta mpya. Kisha tepu ya butili (ya mpira unaonata, ya kuzuia maji), juu yake tepu nyeusi, aanze chini kwenda juu ili zipandane kama makuti na maji yateleze. Ile silikoni ya madukani inayonuka siki msipake, ina asidi inayokula shaba.

Halafu usiridhike na SWR ya chini. Kebo ikiwa inakula dB 1, kama asilimia 20 ya nguvu, inakula kwenda na kurudi, kwa hiyo hiyo 1.7 yako huko juu kwenye antena ni karibu 1.9, na kebo ikizidi kuoza mita ya chini itazidi kupendeza huku wasikilizaji wa Muheza wanalalamika hawawapati.

Sasa ukifunga dami na bado ikakusomea riflekti 40, na dami umeipima ni ohm 50 kweli, hapo ni kapla au dayodi yake inadanganya, nipigie picha ya ile kadi pande zote mbili unitumie.