Gari la Umeme Lisilopokea Masasisho

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Minneapolis, Marekani, na ninaendesha Tesla Model 3. Jirani yangu mwenye gari kama langu amekwishapata toleo jipya la programu, ilhali langu, linalolala kwenye maegesho ya chini ya ghorofa, halijapata chochote. Je, nilipeleke karakana?

JIBU: Karakana haihitajiki kwa sasa. Kampuni haitumi masasisho kwa magari yote siku moja, bali kwa mafungu, kwa kutegemea eneo na vifaa vilivyomo, hivyo magari yanayofanana kwa nje yanaweza kupishana. Hata hivyo, ninayashuku zaidi hayo maegesho yako, maana chini ya ghorofa mtandao huweza kuwa hafifu. Gari hupendelea kupakua kwa waifai, na alama ya njano ya kupakua ikionekana juu ya skrini, ujue linasubiri kuunganishwa. Liegeshe penye mtandao mzuri, au liunganishe na intaneti ya simu yako, kisha, katika mipangilio ya programu, chagua kupokea masasisho mapema. Wakati wa kusakinisha gari haliendeshwi, na kama lilikuwa likichajiwa, kuchaji husimama hadi kazi iishe.

Wala usidhani masasisho haya ni mapambo ya skrini tu: mwaka 2018, baada ya jarida la Consumer Reports kukosoa breki za Model 3, sasisho lililotumwa hewani lilipunguza umbali wa kusimama, gari likiwa katika kasi ya kilomita 97 kwa saa, kutoka karibu mita 46 hadi 41, bila fundi kushika spana.